Sanamu, ukuta wa majina au jina la barabara: namna ya kuchagua kumbukumbu ya kura ya wanawake Nyanda za Juu Kusini

Kikundi cha wanawake, baraza la madiwani au shule inayotaka kuweka kumbukumbu ya hadharani ya haki ya mwanamke kupiga kura, iwe Mbeya, Iringa au Njombe, kwa kawaida huanza na wazo la sanamu, kwa kuwa sanamu ndiyo kumbukumbu tuliyoizoea: Askari amesimama katikati ya Dar es Salaam tangu mwaka 1927, na Mwalimu yupo pale Dodoma kwenye uwanja wenye jina lake. Makala haya yanalinganisha sanamu na aina nyingine za kumbukumbu ambazo nchi mbalimbali zimezijaribu kwa jambo hili hili, kisha yanazipima kwa hali ya mikoa yetu. Niseme mapema upande ninaouegemea, ili msomaji anisome akijua: ukuta wa majina wenye michoro ya kuchongwa, uliojengwa mahali ambapo mtu hufika kwa miguu bila kuomba ruhusa kwa mlinzi, unatufaa kuliko sanamu ya mtu mmoja, na sababu kubwa ni historia yenyewe ya kura katika nchi hii.

Tuanze na tarehe, maana kumbukumbu yoyote huchongwa mwaka.

Nchi nyingine zina siku isiyo na ubishi. New Zealand wana tarehe 19 Septemba 1893, siku ambayo sheria ya kuwapa wanawake kura ilitiwa saini, wakawa nchi ya kwanza inayojitawala kufanya hivyo katika uchaguzi wa bunge. Waingereza huhitaji miaka miwili: 1918, ambapo kura ilitolewa kwa wanawake waliotimiza miaka 30 na kukidhi masharti ya mali, na 1928, ambapo walilingana na wanaume. Wamarekani husema 1920, lakini wanawake weusi wa majimbo ya kusini waliendelea kuzuiwa kwa kodi za kura na mitihani ya kusoma hadi sheria ya mwaka 1965 ilipovunja vizuizi hivyo.

Hali ya Tanganyika inafanana na hiyo ya mwisho kuliko tunavyodhani. Sheria ya uchaguzi iliyotumika mwaka 1958 na 1959, uchaguzi ule wa kura tatu ambapo kila mpiga kura alipaswa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, haikumkataza mwanamke. Ilidai kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za wakati ule, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Kwa maneno, mlango ulikuwa wazi kwa wote. Kwa vitendo, mwanamke wa Rungwe aliyechuma kahawa iliyouzwa kwa jina la mumewe hakuwa na kipato cha kuonyesha karani, na shule za wasichana zilizofika darasa la nane zilikuwa za kuhesabu. Masharti yalilegezwa kwa uchaguzi wa mwaka 1960, na ilipofika tarehe 1 Novemba 1962, katika uchaguzi wa rais kati ya Mwalimu Nyerere na Zuberi Mtemvu, ndipo watu wazima wote walipopiga kura bila kuulizwa mshahara wala cheti. Zanzibar walikuwa na njia yao: uchaguzi wa mwaka 1957 ulikuwa wa wanaume peke yao, na wanawake waliingia vituoni Januari 1961.

Kwa hiyo anayechonga 1958 juu ya jiwe anawakumbuka wachache waliokidhi masharti, na anayechonga 1962 anamkumbuka kila mwanamke aliyesimama kwenye foleni. Mimi ningechagua 1962 kwa herufi kubwa, na 1958 kwa mstari wa pili, kwa sababu nitakayoieleza hapa chini.

Sanamu ya mtu mmoja

Faida ya sanamu ni kwamba inaeleweka kwa kutazamwa, na ni rahisi kuichangishia fedha, kwa kuwa mfadhili huonyeshwa sura na jina. Tarehe 24 Aprili 2018 ilizinduliwa London, katika uwanja ulio mbele ya Bunge, sanamu ya Millicent Fawcett iliyotengenezwa na Gillian Wearing. Uwanja huo ulikuwa na sanamu 11, zote za wanaume, na kampeni iliyoongozwa na Caroline Criado Perez ililitumia jambo hilo moja tu kama hoja, ikatosha. Fawcett ameshika bango lenye maneno yasemayo kwamba ujasiri huita ujasiri kila mahali.

Ila umbali wa kutembea kidogo kutoka hapo, kwenye bustani iliyo ubavuni mwa Bunge, ipo sanamu ya Emmeline Pankhurst iliyozinduliwa mwaka 1930. Wanawake hawa wawili hawakukubaliana juu ya njia: Fawcett aliongoza upande uliodai kwa barua, mikutano na subira ndefu, na Pankhurst aliongoza upande uliovunja vioo na kufungwa jela. London iliweka mmoja, ikakaa miaka 88, ndipo ikamweka mwingine. Hiyo ndiyo gharama ya sanamu ya mtu mmoja ambayo haimo katika makadirio ya mkandarasi: unapomweka mtu, unachagua pia upande wake, na waliobaki husubiri.

Kwetu, nani angesimama? Jina la kwanza kila mtu analolitaja ni Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza akina mama wa TANU na kuzunguka nchi kuwaandikisha wanachama, na hakuna anayeweza kuibishia hadhi hiyo. Lakini Bibi Titi ni wa taifa zima, na Dar es Salaam tayari wana barabara yake. Isitoshe, maisha yake yanaonyesha jinsi heshima ya hadharani inavyopanda na kushuka: alihukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uhaini, akaachiwa mwaka 1972, na miaka mingi ikapita kabla jina lake halijarudi midomoni mwa viongozi. Sanamu ingekuwapo wakati huo, sidhani kama ingebaki mahali pake.

Ukitafuta mtu wa hapa hapa, utakutana na Lady Marion Chesham, aliyechaguliwa mwaka 1958 kwa kuungwa mkono na TANU kuwa mwakilishi kutoka Nyanda za Juu Kusini katika Baraza la Kutunga Sheria. Kaskazini alichaguliwa Sophia Mustafa katika uchaguzi huo huo. Kwa hiyo jimbo letu lilikuwa na mwakilishi mwanamke tangu uchaguzi wa kwanza kabisa, na hiyo ndiyo sababu yangu ya kutaka 1958 iandikwe. Lakini kumsimamisha peke yake mama wa Kizungu mwenye cheo cha kibwanyenye kama uso wa kura ya wanawake wa Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, Wasafwa na Wakinga kungezua maswali ambayo hakuna kibao cha maelezo kitakachoyamaliza.

Wapo pia walio hai. Maspika wote wawili wanawake ambao Bunge letu limewahi kuwa nao, Anna Makinda wa Njombe na Dkt. Tulia Ackson wa Mbeya, wametoka nyanda hizi, na jambo hilo linastahili kuandikwa mahali. Sanamu ya mwanasiasa aliye hai, hata hivyo, ni jambo ambalo ningelikwepa kwa heshima yake mwenyewe.

Kundi na ukuta

Kumbukumbu ninayoiona kuwa ya kufundishia zaidi ipo Christchurch, New Zealand, kando ya mto Avon. Ilizinduliwa tarehe 19 Septemba 1993, siku ya kutimia miaka 100 tangu sheria ile, na ina jina la Kate Sheppard, aliyeongoza kampeni. Lakini mchongaji, Margriet Windhausen, hakumweka Sheppard peke yake juu ya nguzo. Alitengeneza ukuta wa shaba nyeusi wenye watu walioinuka kutoka kwenye ukuta huo, kwa kimo cha binadamu, akiwamo Meri Te Tai Mangakahia, mwanamke wa Kimaori aliyedai haki hiyo kwa watu wake. Katikati lipo toroli lililobeba ombi la wanawake, kwa sababu mwaka 1893 ombi hilo lilikusanya sahihi zinazokaribia 32,000, na karatasi zake zilipogundishwa ziliviringishwa kama jamvi na kupelekwa bungeni. Pembeni ipo michoro ya maisha ya kila siku ya wanawake wasiotajwa kwa jina. Mtu anayepita huwa uso kwa uso nao; haangalii juu.

London nao walijaribu kuponya udhaifu wa sanamu moja kwa kuzungushia kwenye kitako cha sanamu ya Fawcett majina na picha za watu wengine 59 waliodai kura, wanne wao wakiwa wanaume. Ni wazo zuri, ingawa lazima uiname.

Kundi nalo lina hatari yake. Mnara wa waanzilishi wa haki za wanawake uliozinduliwa tarehe 26 Agosti 2020 katika bustani ya Central Park, New York, ulibuniwa kwanza ukiwa na wanawake wawili weupe, Susan B. Anthony na Elizabeth Cady Stanton. Watu waliuliza wanawake weusi wako wapi, na baada ya mabishano akaongezwa Sojourner Truth, aliyezaliwa utumwani. Sasa watatu hao wamekaa mezani. Somo kwa kamati yoyote ya Mbeya au Iringa ni kwamba swali la nani hayupo liulizwe mchoro ukiwa bado kwenye karatasi, kwa sababu kuongeza mtu kwenye karatasi hakuna gharama. Wakanada walitafuta njia nyingine ya kupendeza: katika sanamu za wanawake watano wa Alberta waliofungua kesi ili mwanamke atambuliwe kuwa mtu mbele ya sheria, zilizowekwa Calgary mwaka 1999 na Ottawa mwaka 2000, kiti kimoja kimeachwa wazi, na wageni hukikalia na kupigwa picha wakiwa sehemu ya baraza hilo.

Ukuta wa namna hii ukijengwa kwetu ungekuwa wa majina zaidi kuliko wa nyuso, kwa sababu picha za akina mama wa vijijini wa wakati huo ni chache mno. Majina, kwa upande mwingine, bado yanapatikana. Msichana aliyekuwa na miaka 21 mwaka 1962 leo amepita miaka 80, na katika nyumba nyingi za bibi zetu lipo sanduku la bati ambalo ndani yake, chini ya vitenge na vyeti vya ubatizo, imehifadhiwa kadi ya TANU yenye kona zilizolika. Kadi hiyo, pamoja na ushahidi wa majirani wa rika lake, inatosha kuwa kigezo cha jina kuingia ukutani. Kigezo kisipowekwa mapema, orodha itajaa wake na mama za wakubwa wa leo. Hilo nalisema bila kumung'unya. Familia iombwe ridhaa kwanza. Mwanamke aandikwe kwa jina lake, wala si Mama Fulani au mke wa Fulani, hata kama kijiji kizima kilimwita hivyo. Mpangilio ufuate vijiji, usifuate vyeo, na kila kijiji kiachiwe nafasi tupu, kwa kuwa wiki moja baada ya uzinduzi watatokea watu wakiuliza kwa nini bibi yao hayumo.

Kuhusu jiwe, Iringa imekaa juu ya graniti. Anayeijua Gangilonga hahitaji kuelezwa. Graniti ni ngumu kuchonga, na kwa sababu hiyo hiyo herufi zake hudumu. Mbeya ina mawe ya chokaa ya Songwe, yale yanayokatwa na kung'arishwa kama marumaru, ambayo huchongeka kwa urahisi na kupendeza sana siku ya kwanza, lakini jiwe la chokaa huliwa na mvua polepole na kushika madoa. Kwa Tukuyu, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000 na kila ukuta huota ukungu wa kijani, nisingelitumia nje hata kwa bei ya bure. Shaba nyeusi hustahimili hali ya hewa yetu, ila huvutia wauzaji wa vyuma chakavu, hivyo mabamba yake yafungwe kwa nondo zilizozama ndani ya zege badala ya skrubu. Saruji iliyopakwa rangi ndiyo nafuu kuliko zote na ndiyo itakayopendekezwa na fundi wa kwanza atakayeulizwa. Baada ya masika machache rangi humenyuka. Herufi zichongwe kwa kina cha kutosha hata asiyeona aweze kuzisoma kwa vidole.

Alama badala ya watu

Wengine huchagua kitu. Melbourne, Australia, mwaka 2008 waliweka mchongo wenye urefu wa mita 20 unaoonekana kama karatasi inayokunjuka, kukumbuka ombi la mwaka 1891 lenye sahihi zipatazo 30,000. Pretoria, kwenye majengo ya serikali, lipo jiwe la kusagia lililowekwa mwaka 2000 kukumbuka wanawake 20,000 walioandamana tarehe 9 Agosti 1956 kupinga sheria za pasi, ambao msemo wao ulikuwa kwamba anayewagusa wanawake amegusa mwamba.

Jiwe la kusagia linavutia kuiga, maana ulezi umesagwa kwa mawe hayo huku kwetu tangu zamani. Nisingeliiga. Kule Pretoria jiwe lile lilitoka kwenye vinywa vya waandamanaji wenyewe. Hapa lingesomwa kuwa ni kifaa cha jikoni, na kumbukumbu ya kura ingegeuka sifa ya mapishi. Kama ni kitu, basi liwe sanduku la kura, au nyayo za foleni zilizochongwa sakafuni zikielekea mlangoni mwa kituo. Foleni ndiyo picha ambayo kila Mtanzania aliyewahi kupiga kura anaitambua bila maelezo.

Barabara, miti na sauti

Jina la barabara ndilo la bei ndogo kuliko yote, na tangu kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022, barabara na mitaa mingi ina vibao, hivyo jina jipya lina mahali pa kukaa na huingia kwenye anwani za watu. Udhaifu wake ni kwamba jina hugeuka kituo: abiria husema anashukia Bibi Titi, na mawazo yake hayafiki kwenye kura. Ni nyongeza nzuri, ila peke yake haitoshi.

Miti ni rahisi kuipanda na vigumu kuiona mwaka wa tatu. Kiangazi, mbuzi na baridi kali ya Njombe huamua zaidi ya hotuba ya mgeni rasmi. Anayeichagua achague ya asili, aachane na mikaratusi.

Kurekodi sauti za bibi hao na kuziweka katika makumbusho, kama ile ya Boma pale Iringa, ndiyo kazi yenye haraka kuliko zote. Wala haishindani na nyingine, kwa sababu bila rekodi hizo ukuta hauna majina.

Mahali

Mwaka 1921 wanawake wa Marekani waliikabidhi Congress, yaani bunge lao, sanamu ya marumaru ya waanzilishi watatu wa harakati zao. Muda mfupi baada ya sherehe ikashushwa ghorofa ya chini ya jengo hilo, ikakaa huko hadi mwaka 1997. Lile jiwe la Pretoria nalo lipo ndani ya majengo yenye ulinzi, ambako raia haingii apendavyo. Kwa hiyo mahali pa heshima sana si lazima pawe mahali pazuri.

Kwetu kishawishi ni kipilefti. Kinaonekana, kipo katikati, na mbunge atapita akikiona. Lakini hakuna anayevuka kati ya malori ya Tunduma na bajaji za Mafiati ili akasome majina, na eneo la barabara kuu liko chini ya TANROADS, ambao wakipanua barabara, kama wanavyofanya sasa jijini Mbeya, hupiga alama nyekundu ya X bila kujali kilichojengwa ni duka au mnara. Ndani ya uzio wa ofisi ya mkoa pana usalama, ila mama mwenye mzigo wa viazi hataingia. Ningependekeza ukuta uwe ubavuni mwa soko, au kwenye bustani ya mji, au mbele ya shule ya msingi inayotumika kama kituo cha kupigia kura, mahali ambapo kila baada ya miaka mitano foleni halisi itasimama mbele yake.

Anayechagua sasa ajiulize ana nini mkononi. Mwenye fedha kidogo na baraza la madiwani linalomsikiliza aanze na jina la barabara na kinasa sauti. Shule yenye ukuta uliokwisha kujengwa na walimu wa historia wenye moyo inaweza kuchonga majina ya kata yake peke yake, na kazi hiyo ikawa bora kuliko mnara wa mkoa mzima uliokwamia kwenye michango. Manispaa au jiji lenye bajeti na mchongaji aliyethibitishwa kwa kazi zake za nyuma liende kwenye ukuta kamili wenye michoro. Sanamu ya mtu mmoja ningeiachia mji ambao una mtu wake asiye na mpinzani na uko tayari kumtetea miaka 50 ijayo.

Vyovyote itakavyokuwa, mkataba wa utunzaji usainiwe kabla ya jiwe la msingi, ukitaja kifungu cha bajeti ya halmashauri kitakacholipa usafi na jina la ofisi itakayopokea malalamiko herufi ikibanduka. Na kama tarehe ya uzinduzi itakuwa 1 Novemba, msingi umwagwe zege kufikia Agosti, ili ukuta upate kusimama na kukauka kabla ya mvua za kwanza za nyanda za juu kuanza.